Popo wa Jumamosi: vazi la Halloween kutoka kwa mwavuli uliovunjika

"Binti yangu wa miaka 8 amealikwa sherehe ya Halloween Jumamosi saa kumi na moja jioni, kwenye fleti ya mwanafunzi mwenzake huko Kileleshwa. Kadi ilikaa ndani ya mkoba wa shule wiki nzima. Nimeiona leo Alhamisi usiku. Anataka kuwa popo na hataki kusikia kingine. Vazi nililoliona mtandaoni ni shilingi 3,500 na haliwezi kufika kabla ya Jumatatu. Mimi nina shilingi 500, sindano, uzi na mkasi. Cherehani sina. Video moja inaonyesha mfuko mweusi wa taka ukikatwa mabawa, nyingine inampaka mtoto uso mzima rangi ya kuchorea ya shuleni. Mwanangu ana pumu ya ngozi, hasa kwenye viwiko na shingoni, kwa hiyo hilo la rangi linanitia hofu. Nyanya yake naye anasema Halloween ni mambo ya mapepo. Je, kuna kitu cha maana ninachoweza kushona kwa siku moja na nusu, au nimwambie tu abaki nyumbani asije akachekwa?"

Dada, usimwambie abaki nyumbani. Muda ulio nao unatosha na pesa zitabaki. Kazi yangu ni kushona maleba ya jukwaani, mengi yakiwa ya watoto wa shule wanaokwenda mashindano ya drama, na nakuhakikishia kwamba mtoto wako amekuchagulia mnyama mwepesi. Angesema twiga, tungekuwa na mazungumzo mengine. Katika swali lako naona hofu tatu zilizoshikana: muda, ngozi ya mtoto, na fedheha. Nitazijibu zote, ila nitakaa zaidi kwenye mabawa na kwenye moto. Mabawa ndiyo vazi lenyewe, na moto hukuutaja kabisa ilhali ndio unaonisumbua kuliko hayo mengine.

Kwanza tuondoe dhana inayowachosha wazazi wengi, kwamba vazi ni nguo mpya kutoka shingoni hadi miguuni. Jukwaani hatuendi hivyo. Mtu aliyeketi safu ya mwisho pale Kenya National Theatre haoni vifungo wala mshono wako. Anachokiona kwanza ni umbo la nje la mwigizaji, kisha anaona jinsi umbo hilo linavyotembea, kisha rangi. Mapambo madogo yanafika mwisho kabisa, na mara nyingi hayafiki. Kwa hiyo tunajenga kuanzia kichwani na mabegani, sehemu ambazo jicho hutua kwanza, na chini tunamwacha mwigizaji na nguo zake za kawaida. Popo ni mabawa na masikio. Ukivipata hivyo viwili, suruali ya kubana nyeusi na raba za shule zinatosha, na hakuna mtoto atakayeuliza "wewe ni nani?"

Kuna jambo la pili la jicho ambalo video hizo hazikuelezi. Sherehe inaanza saa kumi na moja, lakini kufikia saa moja Nairobi ni giza, na wenyeji bila shaka watapunguza taa. Jicho lina chembe za aina mbili za kupokea mwanga: zile zinazotambua rangi, ambazo zinahitaji mwanga mwingi, na zile za gizani, ambazo hazijui rangi. Taa zikififia, rangi nyekundu ndiyo inayozama mapema na kuonekana nyeusi. Ndiyo sababu damu ya bandia inayopendeza mchana hugeuka kuwa doa tu usiku. Nyeupe, manjano na fedha ndizo zinazobaki. Popo mweusi ndani ya chumba chenye giza atapotea kabisa usipompa mistari myeupe. Tutairudia mistari hiyo.

Sasa mabawa. Tafuta mwavuli mweusi uliovunjika. Huu ni msimu wa vuli na nyumba nyingi za Nairobi zina mmoja nyuma ya mlango, umepinduliwa na upepo na mwenyewe anaona huruma kuutupa. Kama huna, pita kesho kwa fundi wa viatu na miavuli aliye karibu na kazini kwako. Wengi wao huweka mizoga ya miavuli kwa ajili ya vipuri, na wanachokitaka ni mbavu za chuma, si kitambaa. Mwambie unataka kitambaa tu. Atakupa kwa bei ndogo, pengine bure.

Mwavuli unafaa kuliko kitambaa chochote cha dukani kwa sababu kazi ngumu imeshafanywa kiwandani. Ukingo wake umekunjwa na kushonwa tayari, na umekatwa kwa mipinde inayoingia ndani kati ya ubavu na ubavu, sawasawa na ukingo wa bawa la popo. Mishono inayotoka katikati inafanana na vidole virefu vya popo vinavyoshikilia ngozi ya bawa lake. Hutahitaji kupinda kitu.

Ufungue sakafuni, ndani ukitazama juu. Mwisho wa kila ubavu kuna kofia ndogo iliyoshika kona ya kitambaa. Nyingine huchomoka kwa mkono, nyingine zimefungwa kwa uzi, ukate kwa wembe. Katikati ya kila ubavu kuna uzi mwingine mdogo unaoshikilia kitambaa, na huo pia ukate. Fungua kifuniko cha juu, na kitambaa chote kitatoka kikiwa duara moja. Mbavu za chuma zirudishe kwa fundi au zifunge vizuri na kuzitupa usiku huo huo, maana ncha zake ziko kwenye kimo cha macho ya mtoto. Kuna wanaoziacha ndani ya mabawa ili yasimame. Katika sherehe ya watoto wanaokimbizana, mimi siziachi hata moja. Kisha fua kitambaa kwa sabuni ya kawaida na ukianike. Kitakauka haraka.

Mwavuli wa kawaida una vipande 8 vya pembetatu. Vitatu vitakuwa bawa la kulia, vitatu bawa la kushoto, na viwili vinabaki kwa masikio. Unapokata, usipite juu ya mshono. Pita kando yake, kwa upana wa kidole, ili mshono ubaki upande wa bawa na kuzuia kitambaa kisichanike. Sasa utakuwa na vipande viwili vikubwa, kila kimoja kikiwa na ncha moja iliyokuwa katikati ya mwavuli na ukingo wa mipinde mitatu.

Chukua hudi nyeusi ya mtoto, au sweta, au fulana ya mikono mirefu, na uilaze sakafuni mikono imenyooshwa pande zote mbili kama msalaba. Ncha ya bawa inakwenda kwapani. Upande mmoja wa bawa unafuata mshono wa chini wa mkono hadi kwenye kifundo; upande wa pili unashuka ubavuni hadi kwenye pindo la hudi. Mipinde mitatu inabaki wazi kati ya kifundo na nyonga, na hapo popo ameshaonekana. Mkono wa mtoto wa miaka 8 ni mfupi kuliko nusu ya mwavuli, kwa hiyo kitambaa kitazidi. Usipunguze kwenye mipinde. Punguza kwenye ncha ya kwapani, ukate kidogo kidogo mpaka kona ya mwisho itue kwenye kifundo cha mkono. Kukata ncha hiyo kunasaidia pia kitambaa kisijikusanye kwapani na kumkwaruza, jambo muhimu kwa ngozi kama yake.

Shikiza kwa pini zile za kufungia nepi, kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono, uzi ukiwa maradufu, kila mshono kama sentimita moja. Anzia kwenye kifundo cha mkono na ukaze hapo kwa mishono minne au mitano mahali palepale, kwa kuwa kona hiyo ndiyo inayovutwa kila anapoinua mikono. Kwapani acha nafasi ya vidole vitatu bila kushona. Ukishona mpaka mwisho, mara ya kwanza atakaporuka, kitachanika hudi au bawa. Weka pia kitanzi cha lastiki kwenye kona ya kifundo, apitishe kidole cha kati, na bawa litafunguka vizuri kila anapotanua mkono. Hii ni kazi ya jioni moja ukiwa na chai pembeni. Bandi ina faida nyingine: Jumapili unaikata na hudi inarudi kuwa hudi.

Masikio ni rahisi. Kata pembetatu mbili za kadibodi kutoka boksi la majani chai au la nafaka, kimo kama kidole chako kirefu, ukiacha mkunjo chini wa kushonea. Zivishe vile vipande viwili vya mwavuli vilivyobaki, na uzishone kwenye kofia ya hudi, mbali kidogo na katikati, zikielekea nje. Zikikaa karibu sana utapata paka. Kofia ikirudi nyuma kwa uzito, ibane kwenye nywele kwa vibanio viwili. Kama ni sweta isiyo na kofia, shona masikio kwenye mkanda wa kichwa.

Kisha mistari. Chukua utepe mweupe, au kata vipande virefu vyembamba vya karatasi ya foili na kuvibandika kwa selotepu safi juu ya ile mishono inayotoka kwapani, na mstari mwingine kuzunguka kila sikio. Akitanua mabawa kwenye mwanga hafifu, mifupa ya popo ndiyo itakayoonekana. Na dereva anayerudi nyuma kwenye maegesho ya fleti naye atamwona.

Ikiwa hupati mwavuli kabisa, nunua mita moja na nusu ya bitana nyeusi Biashara Street au Eastleigh. Bitana ni nyepesi na haina gharama kubwa, ila utalazimika kukata mipinde mwenyewe na ukingo utafumuka nyuzi. Kwa usiku mmoja hilo halina neno. Hudi nyeusi ukiikosa, nenda asubuhi kwenye masoko ya mitumba ya Toi au Gikomba, kwenye mafungu ya kuchambua ya watoto. Ukiwa na bahati utakutana hata na vazi zima la Halloween lililotoka Ulaya au Marekani ndani ya robota la nguo za watoto. Lichunguze, lakini usiende kwa kulitegemea.

Ule mfuko wa taka, achana nao. Najua unavutia: mweusi, upo jikoni, unakatika kwa mkasi. Lakini plastiki haipumui, na mtoto anayekimbia atalowa jasho ndani yake, na jasho ni adui wa pumu ya ngozi. Haishiki uzi, kila tundu la sindano ni mwanzo wa mpasuko. Mabaki yake yakiachwa sakafuni, mtoto mdogo nyumbani anaweza kuyavuta usoni na kukosa hewa. Halafu kuna moto.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Halloween ni sikukuu ya mishumaa. Kuna boga lililochongwa lenye mshumaa ndani, kuna mishumaa mezani, na Nairobi stima zikipotea kunaongezeka mingine. Mabawa, kwa umbile lake, ni kitambaa chepesi kilicho mbali na mwili, hewa ikipita pande zote mbili. Moto unahitaji kitu cha kuungua na hewa ya kutosha. Kitambaa kinachoning'inia huupatia vyote viwili, na ukipanda ukingoni unakimbia kuelekea juu. Nguo ileile ikiwa imebana mwilini huungua polepole zaidi, kwa sababu upande mmoja haupati hewa. Mwaka 2014 huko Uingereza, binti wa mtangazaji wa runinga Claudia Winkleman, naye akiwa na miaka 8, aliungua vibaya baada ya vazi lake la Halloween kushika moto wa mshumaa. Lilikuwa vazi la kununuliwa. Ndipo Waingereza wengi walipotambua kwamba mavazi hayo ya watoto yalikuwa yakipimwa kama vitu vya kuchezea, kwa kipimo kilicho chini ya kile cha nguo zao za kulalia. Kwa hiyo usifikiri kwamba lile la shilingi 3,500 lingekuondolea wasiwasi huu.

Vitambaa haviungui kwa namna moja. Pamba huwaka haraka, hasa ikiwa nyepesi, na huacha jivu. Poliesta na nailoni, ambazo ndizo kitambaa cha mwavuli na bitana, huyeyuka na kudondoka, na kinachodondoka hunata kwenye ngozi. Sufu ndiyo ngumu kushika moto na mara nyingi hujizima. Ukitaka kujua ulichonacho, chomoa uzi mmoja, ushike kwa koleo juu ya sinki na uuwashe: pamba hunuka karatasi iliyoungua, sufu hunuka nywele, poliesta hujikunja na kuacha shanga ngumu nyeusi. Sikuambii haya ili uache mabawa. Nakuambia ili ndani yake avae fulana na suruali ya pamba iliyobana, yaani kitu kati ya mabawa na ngozi, na ili umpigie simu mama mwenyeji kesho. Mwambie waziwazi: "Mwanangu ana mabawa, naomba tutumie tochi au taa ndogo za betri ndani ya boga." Hakuna mzazi atakayekasirika kwa ombi hilo, na utakuwa umewasaidia watoto wote waliovaa vitambaa vya kuning'inia. Mfundishe binti yako usiku huu kwamba nguo ikishika moto hakimbii. Anasimama, anajilaza chini, anajiviringisha huku amefunika uso kwa mikono. Afanye kweli, sakafuni, mara kadhaa. Watoto hukumbuka walichokifanya kwa mwili.

Tuje kwenye uso. Hofu yako ni sahihi. Ngozi yenye pumu ina ukuta dhaifu: maji yanatoka kirahisi na vitu vya kuwasha vinaingia kirahisi. Rangi ya kuchorea ya shuleni imetengenezwa kwa karatasi. Maneno kwamba haina sumu yanahusu matumizi yake ya kuchorea. Hayasemi lolote kuhusu kukaa usoni saa nne. Dawa ya meno, ambayo wengine huitumia kupata rangi nyeupe, inachoma. Masizi ya jiko yataingia machoni. Na wanja wa kienyeji, ule wa unga au wa jiwe, usiutumie kwa mtoto hata siku ya harusi, kwa sababu aina nyingi zina risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Lenzi za rangi za kuvalisha macho ndizo mbaya kuliko vyote. Zinaweza kukwaruza mboni na kuleta maambukizi ya kupofusha.

Popo mwenye mabawa na masikio hahitaji rangi usoni hata tone. Lakini namjua mtoto wa miaka 8, ataomba. Basi jambo moja ambalo video hazisemi, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya ngozi nyeupe: mistari myeusi haionekani vizuri kwenye ngozi yetu. Mistari myeupe inang'aa. Na nyeupe salama huenda tayari unayo nyumbani, au utaipata kwa duka la dawa: krimu ya zinki wanayopakwa watoto wachanga wenye vipele vya nepi. Ni nyeupe kabisa, na imetengenezwa kwa ngozi iliyokasirika. Chagua isiyo na manukato. Kwa kijiti cha pamba mchoree meno mawili madogo chini ya mdomo wa chini na pembetatu juu ya pua. Basi. Usizunguke macho, usifike shingoni. Kwa kuwa leo ni Alhamisi, mpake tone usiku huu sehemu ya ndani ya mkono, katikati ya kifundo na kiwiko ambapo ngozi ni nzima, na uangalie kesho usiku na tena Jumamosi mchana. Ngozi nyingine hujibu kwa kuchelewa. Pakiwa pekundu au pakiwasha, uso unabaki mtupu na mazungumzo yameisha. Kuitoa, tumia Vaseline na kitambaa laini, kisha maji ya vuguvugu, bila kusugua, halafu mafuta yake ya kila siku.

Kuhusu nyanya yake, usimkatize. Anasema kwa mapenzi, na suala la imani ni la familia yenu. Ninachoweza kukupa ni historia. Jina lenyewe linamaanisha mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya Kanisa ya tarehe 1 Novemba, inayofuatwa na siku ya Marehemu Wote tarehe 2. Mila za mkesha huo zimechanganyika na sikukuu ya kale zaidi ya Ireland na Scotland, Samhain, iliyofunga mavuno na kufungua majira ya baridi, na watu walisimulia kwamba usiku huo mizimu huzurura. Watoto wa huko walijibadilisha sura na kupita nyumba kwa nyumba. Wahamiaji wa Ireland wakaipeleka Marekani karne ya 19, na turnipu (mboga ya mizizi) walizokuwa wakizichonga zikawa maboga. Kwa hiyo ndani yake kuna Kanisa na kuna mila za kabla ya Kanisa, na mzazi anaweza kukubali au kukataa kwa heshima. Ila popo si pepo. Ni mnyama anayenyonyesha watoto wake, na popo wanaokula matunda ndio huchavusha maua ya mbuyu usiku. Binti yako akimweleza nyanya hilo mwenyewe, huenda mazungumzo yakawa mepesi kuliko ukiyafanya wewe.

Na kuchekwa? Watoto hawacheki vazi kwa sababu limeshonwa nyumbani. Wanacheka mtoto anayelionea haya, au vazi linalomvuka kila hatua. Popo anayeweza kutanua mabawa ya upana wa mikono yake miwili atakuwa na foleni ya watoto wanaotaka kujaribu. Mshirikishe: achague masikio yakae wapi, ashone mishono kadhaa ya bandi. Mtoto aliyetia mkono wake kwenye vazi hulieleza kwa fahari.

Kitu kimoja nakuomba usikifanye hata muda ukikubana, na nakisema kwa sababu nimeona wazazi wakikikimbilia: kumrarulia nguo mtoto na kumpaka matope aende kama "chokoraa". Watoto wanaolala barabarani katika jiji hili ni watoto kama wako. Hawafai kuwa kitisho cha sherehe ya mtu. Na kama kwenye mitumba utakutana na nguo za kijeshi, ziache hapo. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa kisheria Kenya.

Jumamosi asubuhi fanya mazoezi, kama tunavyofanya kabla ya onyesho. Avae kila kitu, apande na kushuka ngazi, aruke, aketi, ale kitu, na aende chooni peke yake. Choo ndicho kinachoshinda mavazi mengi. Kama hawezi kuvua na kuvaa bila msaada, badilisha zipu au fupisha bawa mpaka aweze. Macho yabaki wazi, bila barakoa. Safarini, mabawa yanakaa ndani ya mfuko, awe kwenye matatu au kwenye gari la jirani. Kwenye boda ndiyo kabisa asiyavae, maana kitambaa kinachopepea kinaweza kuingia kwenye spoku au mnyororo na kumvuta mtoto chini. Mvishe mkifika.

Ukikwama kwenye kushona, mpelekee fundi wa mtaani. Yule mwenye cherehani barazani atamaliza mishono minne mirefu kwa dakika chache, na shilingi zako 500 zitatosha na kubaki. Lakini mpelekee ikiwa umeshashikiza kila kitu kwa pini, na umpelekee Ijumaa kabla ya jioni. Jumamosi ana foleni ya nguo za harusi na za kanisani, na ukimpelekea mwavuli mzima umweleze popo kwa maneno, utarudi nyumbani na koti la mvua.

Kwa ngozi, kama sasa hivi ana sehemu zinazotoa majimaji, zilizopasuka au zinazovuja damu, usijaribu hata ile krimu usoni bila kumuuliza daktari wake au mfamasia. Baada ya sherehe, vipele vichache vinavyotulia kwa mafuta yake ya kawaida si dharura. Midomo au kope zikivimba, au akianza kupumua kwa shida, hiyo ni hospitali mara moja, bila kusubiri asubuhi. Na akiungua, hata kidogo: maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, vua nguo iliyo karibu na jeraha lakini usivute iliyonata, usipake dawa ya meno, siagi wala yai. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali iliyo karibu. Kuungua usoni, mikononi, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja chake, kunahitaji daktari usiku huohuo. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina kitengo cha majeraha ya moto, na hospitali utakayofikia kwanza itajua kama anahitaji kupelekwa huko.